Mwalimu na Mlango wa Elfu Nane na Themanini

Mwalimu alikuwa akichefukwa na bahari. Naanza na hilo makusudi, maana nikianza na mambo yake ya kompyuta mtadhani nawasimulia mtu wa kuogopwa. Mtu wa kisiwa cha Chovae huyu, kwao watoto wanajua kupiga kasia kabla ya kujua kufunga kifungo, lakini akipanda boti, hata bandari ya Kismayo haijapotea nyuma, tayari ameshika ubao kwa mikono miwili na uso umekuwa rangi ya majivu. "Ami," aliniambia, "bahari naipenda nikiwa nimeketi kitini." Na ndiye huyo huyo aliyewapangia wenye vyombo wote safari zao. Sasa nyinyi mwaelewa vipi.

Mimi nauza kahawa gatini. Kiti changu cha miaka yote kipo mlangoni pa chumba cha kamati ya manahodha, na chumba hicho ndicho kilichotukutanisha. Kusoma nilisoma chuoni, Kurani, na skuli kidogo, mpaka mwalimu wetu wa wakati ule akaondoka na hakuna aliyekuja badala yake. Kwa hiyo nitakayosema juu ya hiyo Java, lugha yake ya kompyuta, nayasema kama nilivyoyaona kutoka mlangoni, na birika mkononi. Mwenye kujua zaidi atanisahihisha, nami sitakasirika. Ukoo wa Mwalimu siutaji. Wako wanaojua nasaba, waulizeni wao.

Chumba kilikuwa cha kutia mashine mbovu za boti na nyavu zilizooza. Yeye aliporudi kutoka Mombasa akakiomba awafundishe vijana kompyuta, na manahodha wakampa, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyestahimili harufu yake. Akakisugua. Akapaka chokaa. Harufu ya petroli haijatoka mpaka leo, na wanafunzi wake, wengi wao wasichana wakubwa wa mitaa ya Wabajuni na Wasomali, wakirudi nyumbani mama zao waliwauliza kama wameajiriwa kwenye boti.

Ukali alikuwa nao. Simu hairuhusiwi darasani. Mwanamke anayeishi kwa mashine, na simu hataki kuiona! Ukichelewa unakaa nje na mimi, na ukikaa nje na mimi unanunua kahawa, kwa hiyo ukali wake mimi sikuulalamikia. Lakini mashine yenyewe aliisemesha kwa upole ajabu. Watu aliwakemea, mashine aliiomba. "Haya, taratibu, bibi yangu, hujambo?" akiiwasha asubuhi, jua likianza kupiga sola za juu ya paa. Kupika hakujua. Alipika siku moja maharage ya nazi akatuletea gatini, na nahodha mmoja akauliza kwa heshima kama hiyo nayo ni Java.

Maneno ya kompyuta nimeyajua kwa kuyasikia kila siku. Alisema mtu akiuliza ukurasa ambao haupo, mashine humjibu kwa namba, mia nne na nne. Na ikiwa ukurasa upo lakini aliyeutengeneza amekosea, mashine hujibu mia tano. Wanafunzi aliwaimbisha: "Mia nne, umepotea wewe. Mia tano, nimekosa mimi." Basi ikawa ndiyo lugha ya gatini. Mwanafunzi asipokuja, wenzake walisema, "Leo fulani ni mia nne na nne." Mchuuzi wa samaki aliyeulizwa mkewe yuko wapi alijibu hivyo hivyo, na mkewe alikuwa nyuma yake. Hayo tuyaache.

Neno lake jingine lilihusu makosa. Programu ikianguka, mashine hutapika maneno mekundu, mengi, marefu, ya Kizungu, na wasichana walikuwa wakiyaona wanashika vichwa. Yeye aliwaambia, "Msilie. Hayo mengi ni ya watu wengine. Tafuteni mstari wenye jina letu." Kazi zao zote walizipa jina moja, chovae, kwa herufi ndogo. Basi katika msitu ule wa maneno mekundu unatafuta chovae, na mbele yake pana namba ya mstari ulipoumia. Nilimsikia akisema hivyo mpaka nami nikiangusha vikombe nilijiuliza chovae iko wapi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kamati ilitaka chumba chake. Wenye vyombo walikuwa wameahidiwa mafriji makubwa ya kuhifadhia samaki, na mafriji yanataka kuta na paa. Nahodha mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya watu watatu, alikuja akasimama pale pale ninapotia makaa.

"Mwalimu, utatafuta pengine."

"Pengine wapi, Nahodha? Hapa ndipo wazazi wanapowaachilia binti zao, kwa sababu wewe upo mlangoni."

"Mimi nipo. Lakini samaki wanaoza."

"Niache nikuonyeshe kitu. Kikiwafaa watu wa visiwani, chumba nabaki nacho. Kisipofaa, ufunguo nakuletea mwenyewe nyumbani."

Mzee alipenda kuonyeshwa vitu. Akakubali.

Na shida aliyotaka kuiondoa niliijua kuliko wote, kwa kuwa niliulizwa mimi. Watu wa Kismayo wenye ndugu visiwani walikuja gatini na mizigo kichwani. "Warya mzee, boti ya Kudhaa?" Imeondoka. "Ya Chovae?" Haijajaa. "Ya Fuma lini?" Sijui, mwanangu, kaa unywe kahawa. Wengine walikuja siku baada ya siku na unga wao, kuku wao, mgonjwa wao. Mwalimu akasema atatengeneza ukurasa: nahodha anaandika kwa simu yake anakokwenda, siku, saa na nafasi alizonazo, abiria anafungua kwa simu yake anaona. Bila bando. Waifai ya pale chumbani ilifika hadi sokoni, na chombo chake chote kilikuwa laptopu moja kuukuu.

"Kwa lugha gani?" akauliza Nahodha.

"Java."

"Ya kina nani hiyo?"

"Ya mashine."

"Tuna Kibajuni, tuna Kisomali, sala kwa Kiarabu. Mchu mmoja aweke lugha ngapi kichwani?" Mchu kwake ni mtu, Kibajuni hicho.

Java yenyewe ililetwa kutoka Mombasa ndani ya flashi, katika kifuko cha hirizi, maana aliyeileta hakutaka iingie maji ya chumvi. Akaiweka. Akaiita, na mashine ikasema haijui kitu kinachoitwa java. Mimi nikadhani imekataa. "Haijakataa, Ami. Java imo ndani, lakini mashine haijaonyeshwa iko chumba gani. Ni kama mgeni umemshusha mjini ukamwacha sokoni." Akaiandikia njia ya kufikia, akaiita tena, na safari hii ikajibu kwa namba za toleo lake. Wasichana wakapiga vigelegele kwa jambo hilo dogo. Mimi pia nilipiga, sioni haya.

Kisha alikuja huyo anayeitwa seva. Seva ni programu inayokaa macho, inangoja watu wabishe. Hukaa nyuma ya mlango wenye namba, na wa kwetu ulikuwa elfu nane na themanini. Unaandika anwani ya laptopu, halafu nukta mbili, halafu namba ya mlango. Anwani niliiandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kahawa, chini ya neno TANGAWIZI, na nikaijua kwa moyo. Siku ya kwanza seva ilikataa kuamka. Mwalimu akatafuta mstari wake, akacheka. "Mlango una mtu!" Kumbe ile aliyoiwasha asubuhi hakuizima, imeketi pale pale, na seva wawili hawakai mlango mmoja. Akamtoa wa zamani. Akawasha upya. Nikafungua simu yangu, nikaandika namba zangu kwa kidole kimoja, na nikaona maandishi: *Karibu. Vyombo vya visiwani.* Simuni mwangu, jamani! Kahawa ya siku hiyo ilikuwa bure, na wallahi mpaka leo sijutii.

Wiki za mwanzo zilikwenda kama asali. Manahodha waliandika, abiria walisoma, nami koo langu likapumzika. Mwalimu alijivunia kitu kimoja kuliko vyote: ukurasa haukuandika majina ya siku, uliandika *leo* na *kesho*. "Mashine inahesabu yenyewe," alisema, "mtu asijisumbue." Na hapo ndipo tulipoumia.

Nahodha mkuu alikuwa akimwoza mjukuu wake kule Chovae. Mwenyewe alitangulia na wazee wenzake. Wanawake wa Kismayo wangefuata kwa boti ya usiku wa Ijumaa saa moja, maji yakijaa. Na katikati yao ndiye somo wa bibi harusi, yaani yule mama anayemfunda na kumpamba, pamoja na sanduku la nguo na hina. Mwenye boti aliandika vizuri kabisa katika simu yake: Ijumaa, saa moja usiku. Sasa nani kwetu asiyejua usiku wa Ijumaa ni upi? Jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeingia. Ndivyo tulivyolelewa, hivyo tunaoza na hivyo tunazika.

Lakini mchana wa Alhamisi wale wanawake walifungua ukurasa, ukawaambia *kesho usiku*. Wakarudi kukanda unga. Mimi jua likikaribia kuzama hufunga, sikuona kitu. Boti ikangoja, maji yakaanza kupungua, ikaondoka na magunia ya mchele na mbuzi. Siku ya pili jioni wanawake wote hao, wamejitia manukato, wakafika gatini wakakuta maji matupu. Somo akaketi juu ya sanduku akalia kwa sauti. Arusi ikafanywa siku iliyofuata, boti iliporudi kuwachukua.

Nahodha alipokanyaga Kismayo hakupitia nyumbani.

"Mwalimu! Nipe ufunguo."

"Salamu kwanza, Nahodha."

"Salamu nimeiacha Chovae pamoja na wali uliochacha! Mjukuu wangu amekaa na mikono mitupu bila hina, wachu wa visiwa vyote wanamtazama, na somo wake yupo huku juu ya sanduku kama mzigo uliokosa mwenyewe. Ukurasa wako ulisema kesho. Kesho gani?"

Mwalimu hakujitetea. Aliuliza tu, taratibu, "Boti iliandikwa usiku wa upi?"

"Wa Ijumaa!"

"Na Ijumaa inaingia lini?"

"Unaniuliza mimi? Magharibi! Hata mtoto wa chuo anajua."

"Mashine haijui," akasema, na akakaa chini. "Kwake yeye Ijumaa huingia watu wamelala. Saa niliitafsiri, nikasahau siku." Akawageukia wanafunzi wake waliokuwa wamejibanza ukutani. "Ukurasa ulifunguka vizuri, haukuonyesha kosa lolote. Lakini andikeni: hii ni mia tano."

"Mia tano ya nini?" Nahodha akauliza. "Unataka kunilipa?"

"Ni kosa langu mimi, Nahodha. Si la abiria, na si la mwenye boti."

Mzee akatazama chini. Nadhani alikuwa amejitayarishia ugomvi mkubwa, na ugomvi haukutokea. "Usiku wa Ijumaa inayokuja," akasema mwishowe. "Akiachwa mchu mmoja, ufunguo. Mafriji yako njiani."

Siku zile Mwalimu hakuwa mtu wa kusogelewa. Wasichana walikwenda kwa ncha za vidole. Aliandika, akafuta, akaandika. Nilimwona ametengeneza mistari mirefu ya *ikiwa hivi, basi vile*, ikiwa ni usiku, ikiwa si usiku, mpaka mwenyewe akapotea ndani yake. Akatoka kwangu akataka kahawa chungu.

"Ami, wewe hufunga saa ngapi?"

"Jua likikaribia kuzama."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Jua la huku lina adabu. Saa kumi na mbili limekwenda zake, iwe kaskazi iwe kusi. Mombasa ulikuta linachelewa?"

Aliweka kikombe chini kimejaa, na kahawa yangu haachi mtu, akarudi ndani akikimbia. Baadaye nikasikia meza ikipigwa. Nikadhani ameivunja laptopu.

"Mstari mmoja, Ami! Mstari mmoja tu!"

Alinieleza nami nawaeleza. Mashine huanza kuhesabu siku yake katikati ya usiku. Sisi huanza magharibi, saa sita kabla yake. Na saa zetu nazo, tunaposema saa moja, yeye husema saba. Zimepishana sita hizo hizo. Basi alichofanya ni kuisogeza saa ya mashine mbele kwa saa sita, akaifanya kama imeamkia kwetu. Hapo Alhamisi jua likizama, kwake yeye usiku wa manane umefika, na Ijumaa inaingia yenyewe. Na saa zikawa ni zetu bila kutafsiriwa. Akafuta mistari yote ile mirefu, mmoja mmoja, kwa raha ya mwanamke anayechambua mchele mzuri. *Leo* na *kesho* akaziondoa kabisa. Badala yake juu ya ukurasa pakaandikwa siku iliyopo, na mbele ya kila boti pakaandikwa *bado saa kadhaa*.

Alhamisi ile Nahodha alikuja tangu alasiri akakaa kwenye benchi langu, simu mkononi, uso kama hakimu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya gatini sikufunga. Ukurasa ulisema Alhamisi. Mwalimu alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani. Wanafunzi walikuwa wamejaa nyuma yake. Muadhini akaadhini magharibi. Nahodha akafuturu, maana alikuwa na saumu yake ya sunna, tende moja na maji. Akajifuta vidole kwenye kikoi, akagusa simu.

*Ijumaa.*

Juu kabisa, pembeni, saa ya simu yenyewe bado ilikuwa inasema Alhamisi. Chini, *Chovae, bado saa moja.* Akaitazama, akatutazama sisi, akaitazama tena.

"Imesilimu," akasema.

Gati lilicheka mpaka walioko sokoni wakaja kuuliza. Na abiria walikuja, mmoja baada ya mwingine, na mizigo yao, mpaka nafasi zikaisha na mwenye boti akamkatalia mtu kuku wake. Hakuachwa mchu. Somo naye alikuwamo, anakwenda kumtazama bibi harusi katika siku saba zake za fungate, na alipopita kwa Mwalimu alimshika mkono akautia hina palepale, kiganja chote, kwa nguvu kidogo kama mtu anayesamehe na kuadhibu pamoja. Mafriji yalipofika Nahodha aliyajengea banda upande wa pili, kwa mbao za boti ya zamani. Akasema chumba kile kina mtu.

Hayo yalikuwa kabla meno yangu ya mbele hayajaondoka. Mara ya mwisho niliyomwona Mwalimu ilikuwa kule Chovae. Nilikwenda kumzika jamaa, nikakaa siku za matanga, na nikasikia kwamba yumo kisiwani. Sikuamini. Nikamkuta darasani kwenye skuli, amevaa miwani, mbele yake laptopu mpya kidogo na wanafunzi wa kisiwa wamemzunguka. Alikuja kwa boti. Wanafunzi wake wa Kismayo ndio walioshika chumba sasa, wanafundisha wao, wakali kuliko yeye.

"Ulivukaje?" nikamwuliza.

"Usiniulize, Ami. Niliuliza bado saa ngapi mpaka nahodha akanipa usukani ninyamaze nao."

Alikuwa akiwatengenezea ukurasa wa kwao, ili mtu wa Chovae naye ajue boti ya kwenda Kismayo. Akawasha. Ikaanguka. Maneno mekundu yakajaa, na miwani yake ikawa imejaa ukungu wa chumvi, akawa anaifuta kwa buibui na haitoki. Watoto wa watu wameshika vichwa.

Nikainama mimi. Nasoma polepole, tena kwa kidole. Sikujua neno hata moja katika yale mengi, lakini sikuyasumbukia, ni ya watu wengine. Nikashuka, nikashuka.

"Hapa," nikasema. "Chovae. Na namba yake hii."

Mwalimu akafungua mstari ule, akaona anwani ya kompyuta ya Kismayo imebaki pale, hakuibadilisha. Akaibadilisha. "Wewe wasema umesoma chuo tu," akaniambia bila kunitazama, nami najua alikuwa akifuta macho, si miwani. "Bonyeza, Ami. Wewe."

Nikabonyeza. Mlango wa elfu nane na themanini ukafunguka Chovae. *Karibu.* Wanafunzi wakapiga kelele, nje mtu akapiga ngoma ya pipa, sijui nani, na mimi mzee nimesimama pale kama niliyeozesha binti.

Chini ya salamu ilikuwapo boti moja tu, ya kwanza kuandikwa. *Kismayo, bado saa mbili.* Nafasi zipo. Mwalimu akaisoma, na rangi ikaanza kumtoka.

"Ami, wewe nenda," akasema. "Mimi nitakwenda kesho."

"Kesho gani, Mwalimu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Wanafunzi wake wa Kismayo wamekwisha kuunganisha kurasa mbili hizo, na mpaka leo, nikifungua wa kwetu kwa simu yangu asubuhi, naona nafasi za Chovae kwenda Kismayo zipo. Abiria nao siku hizi huandika majina yao humo, nami nayatazama. Lake bado.